Mpango wa Dharura Kazini (2): Ufunguo Uko kwa Nani?

Juma lililopita tuliorodhesha hatari zinazoweza kulikumba jengo la biashara: umeme, gesi, kemikali, mafuriko, uvamizi. Leo tuingie katika jambo ambalo mipango mingi hulipita juujuu. Hatari ikishatokea, nani anatoa amri ya kutoka, na watu watatokea wapi?

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, kilichokuwa kwenye ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Waliokuwa ghorofa ya 8 walipiga simu ofisini, ghorofa ya 10, na wengi wa huko wakawahi kukimbilia paani. Ghorofa ya 9 haikupewa habari. Mabinti waliokuwa wakishona huko waliujua moto ulipowafikia. Walipokimbilia mlango mmoja wa ngazi, waliukuta umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote wapite upande mmoja, mikoba ikaguliwe, wasije wakaiba. Ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya jengo iliporomoka kwa uzito wa watu. Zimamoto walifika, lakini ngazi zao ziliishia ghorofa ya 6. Walikufa watu 146.

Kiwanda kile kilikuwa na simu, ndoo za maji, ngazi na milango. Hakuna aliyepewa jukumu la kuwaarifu watu wa ghorofa ya 9, wala la kubaki na ufunguo mlangoni muda wote wa kazi. Mapengo hayo mawili hayakuhitaji fedha nyingi kuyaziba.

Karibu karne moja baadaye, tarehe 28 Januari 2009, duka kuu la Nakumatt Downtown liliteketea katikati ya Nairobi na kuua zaidi ya watu 20. Baadhi ya walionusurika walieleza kwamba milango ilifungwa wakati watu wangali ndani, kwa hofu ya uporaji. Hofu hiyo naielewa. Mwenye duka Kariakoo au Gikomba ameweka mali yake yote kwenye rafu zile, na mara nyingi mkopo wa benki uko nyuma yake. Ndiyo maana haitoshi kumwambia aache milango wazi. Awekewe mlango wenye komeo la kusukuma: kwa nje haufunguki, kwa ndani mtoto anausukuma ukaachia, na kengele inalia mara unapofunguka. Mwizi anasikika, na mteja anatoka. Geti la chuma lenye kufuli, ambalo ufunguo wake anao mlinzi aliyekwenda kunywa chai, halina nafasi kwenye njia ya kutokea wakati watu wamo ndani.

Baada ya mlango ni amri, na hapa ndipo napenda tukae zaidi kidogo. Rick Rescorla alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, iliyokuwa na wafanyakazi karibu 2,700 katika mnara wa kusini wa World Trade Center. Kwa miaka kadhaa aliwalazimisha wote, wakubwa kwa wadogo, kufanya zoezi la kushuka ngazi kila baada ya miezi 3, na wapo walionung'unika kwamba anawapotezea muda wa biashara. Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa jirani ulipogongwa na ndege, tangazo la jengo liliwataka watu wabaki ofisini. Rescorla hakulifuata. Alichukua kipaza sauti akawaamuru watu wake washuke, na ndege ya pili ilipougonga mnara wao, wengi walikuwa wameshapiga hatua chini. Karibu wote waliokoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, na hakutoka tena.

Alikuwa na mamlaka ya kuamua bila kumsubiri mkurugenzi. Basi andikeni kwenye mpango wenu jina la mwenye amri kwa kila zamu, na la msaidizi wake. Zamu ya usiku isisahaulike: mlinzi akiona moshi saa nane usiku, asianze kumtafuta meneja kwenye simu kuomba ruhusa. Abonyeze king'ora, kisha apige 114 kama yuko Tanzania, au 999 kama yuko Kenya. Katika jengo la wapangaji wengi, mwenye jengo aitishe kikao awakutanishe wote, kwa sababu stoo ya mmoja ikishika moto, moshi utapanda kwa wengine.

Zoezi nalo lifanyike saa wateja wamejaa. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zinataka angalau mara moja kila miezi 12. Kwa duka linaloajiri vibarua wapya kila msimu, naona mara moja haitoshi. Msimamizi abebe saa, apime muda tangu king'ora kilipolia hadi mtu wa mwisho alipotoka, na atazame nani atamsaidia mwenye kiti cha magurudumu kushuka.

Juma lijalo: kuhesabu watu nje ya jengo, na mambo ambayo zimamoto watauliza wakifika.