Mifupa chini ya msingi: ujenzi unapofukua yaliyozikwa

Mwezi Mei mwaka 1991, wataalamu wa akiolojia waliokuwa wakichimba mashimo ya majaribio katika kiwanja kimoja cha barabara ya Broadway, kusini mwa Manhattan jijini New York, waliibua vipande vya mifupa ya binadamu. Serikali kuu ya Marekani, kupitia idara yake ya majengo ya umma, GSA, ilikuwa imekinunua kiwanja hicho miezi michache tu kabla, ili kujenga jengo la ofisi lenye ghorofa 34. Fedha zilikwishatengwa na wakandarasi walikwishapatikana.

Kufikia vuli ya mwaka huo hapakuwa tena na shaka. Chini ya kiwanja hicho kulikuwa na makaburi kamili, yenye majeneza na maiti waliolazwa kwa utaratibu, vichwa vikielekea magharibi. Waliozikwa humo walikuwa Waafrika, watumwa na waliokuwa huru, wa enzi ya ukoloni wa Waholanzi na Waingereza.

Tangu hapo kisa cha New York kimekuwa mfano unaotajwa mara nyingi kila linapoulizwa swali hili: mkandarasi afanye nini anapokutana na mambo ya kale ambayo hakuyatarajia?

Ramani ilikuwapo

Jambo la kustaajabisha ni kwamba makaburi hayo hayakuwa siri. Ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1755 iliyaonyesha wazi. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1966 kuhusu uhifadhi wa historia inaitaka kila idara ya serikali kuu ichunguze, kabla ya kujenga, iwapo mradi wake utagusa turathi. Uchunguzi ulifanyika na ramani ikaonekana.

Lakini hitimisho lilikuwa kwamba majengo ya karne ya 19, yenye vyumba vya chini ya ardhi, yalikwishaharibu kila kitu. Hesabu hiyo ilisahau jambo moja: eneo hilo zamani lilikuwa bonde. Mji ulipopanuka, bonde lilijazwa kifusi ili ardhi iwe sawa, na vyumba hivyo vya chini vikaishia ndani ya kifusi hicho. Makaburi yalibaki salama chini zaidi, mengine futi 25 hivi kutoka usawa wa barabara.

Kwa hiyo, neno "ugunduzi usiotarajiwa" linahitaji kupokelewa kwa tahadhari. Mara nyingi wazee wa mtaa, ramani za kale au hata jina la mahali hutoa dalili mapema. Anayeshangaa ni yule ambaye hakuuliza, au aliyeuliza akaridhika upesi mno.

Saa za mwanzo

Utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi unafanana. Kazi husimama mara moja mahali palipoonekana kitu, ingawa si lazima isimame katika kiwanja kizima. Hakuna kuokota wala kusafisha. Kipande cha chungu kilichoondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mtafiti, kwa kuwa tabaka la udongo kilimolala, na vitu vilivyokuwa kando yake, ndivyo vinavyoeleza umri na matumizi yake. Eneo huzungushiwa uzio, hufunikwa dhidi ya mvua na jua, huwekewa mlinzi, kisha msimamizi wa mradi na mamlaka husika hupewa taarifa.

Ikiwa kilichoonekana ni mifupa ya binadamu, polisi huitwa kwanza. Lazima ithibitike kwamba si maiti ya juzi na kwamba hakuna jinai iliyotendeka. Hilo likishathibitika, ndipo mtaalamu wa akiolojia anapokabidhiwa uwanja.

Baada ya hapo huja uamuzi mgumu zaidi: kuviacha vitu chini na kubadilisha mchoro wa jengo, au kuvifukua kwa utaratibu na kuvihamisha. Wataalamu wengi hupendelea njia ya kwanza, kwani uchimbaji, hata ukiwa wa kitaalamu namna gani, ni uharibifu usioweza kurudiwa nyuma.

New York ilichagua kufukua, tena kwa haraka. Wataalamu walifanya kazi chini ya mahema huku ujenzi ukiendelea kando yao. Mwezi Februari mwaka 1992, zege la msingi lilimwagwa juu ya sehemu iliyokuwa bado na makaburi, na baadhi yakaharibiwa. Ilielezwa kwamba wafanyakazi walitumia mchoro uliopitwa na wakati.

Wenye wafu wao

Zege hilo ndilo lililowasha moto. Wamarekani weusi wa New York walikwishaanza kuuliza kwa nini mifupa ya wahenga wao inafukuliwa bila wao kushauriwa. Sasa waliandamana, wakafanya mikesha ya maombi, na wakaufunga uwanja wa ujenzi kwa siku moja. Meya wa jiji wakati huo, David Dinkins, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, aliitaka idara ya serikali kuu isimamishe uchimbaji. Haikusimamisha.

Sheria haikuwasaidia sana waandamanaji. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria inayolinda makaburi ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, lakini haikuwataja Waafrika waliopelekwa huko kwa minyororo. Nguvu iliyobaki ilikuwa ya siasa. Mwezi Julai mwaka 1992, mbunge Gus Savage wa Illinois, aliyeongoza kamati ndogo inayosimamia majengo ya umma, aliitisha kikao na kueleza bayana kwamba kamati yake haitaidhinisha miradi mingine ya idara hiyo mpaka ibadilishe mwenendo. Uchimbaji ukasimama. Mwezi Oktoba, Rais George Bush mkubwa alitia saini sheria iliyozuia ujenzi katika sehemu ya kiwanja na kutenga dola milioni 3 kwa ajili ya kumbukumbu.

Mabaki ya watu 419 yalikuwa yamekwishaondolewa. Yalipelekwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo chenye historia ndefu ya kuwaelimisha Wamarekani weusi, na mwanaanthropolojia Michael Blakey akaongoza utafiti. Blakey aliwaita wazao wa waliozikwa wenye haki ya kusema nini kiulizwe katika utafiti huo, na watu wakataka kujua mambo manne: wafu hawa walitoka wapi, waliishi vipi, walibadilika vipi ugenini, na walipinga utumwa kwa njia zipi.

Majibu yalikuwa mazito. Zaidi ya asilimia 40 ya waliofukuliwa walikuwa watoto. Mifupa ya watu wazima ilionyesha alama za kubeba mizigo kupita kiasi. Mwanamke mmoja kijana alikuwa na risasi mbavuni. Mwingine alizikwa na shanga zaidi ya 100, nyingi zikiwa zimezunguka kiuno chake, na meno yake yalikuwa yamechongwa kama ilivyokuwa desturi katika baadhi ya jamii za Afrika.

Wengi wa watumwa wa New York walitoka Afrika Magharibi na Kongo, au walipitia visiwa vya Karibi. Lakini wapo pia waliosafirishwa mwishoni mwa karne ya 17 kutoka Madagascar, kisiwa ambacho wazee wa Pwani ya Waswahili walikiita Bukini. Mjini walipofikishwa, sheria za karne ya 18 ziliwakataza kuzika usiku na kuwawekea ukomo wa waombolezaji 12 kwa kila maziko. Shanga kiunoni mwa marehemu zinaonyesha kwamba, hata chini ya masharti hayo, watu hao waliendelea kuagana na wafu wao walivyotaka.

Siku zinazopotea ni za nani?

Kinachomtia mkandarasi hofu ni hesabu ya siku. Mitambo iliyokodiwa hulipiwa hata ikisimama, na hofu hiyo ndiyo inayozaa kishawishi cha kufukia haraka kabla mtu mwingine hajaona. Dawa yake iko ndani ya mkataba. Mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana hata Afrika Mashariki, inampa mkandarasi anayetoa taarifa haki ya kuongezewa muda na kufidiwa gharama. Benki ya Dunia nayo huitaka miradi ya ujenzi inayoikopesha iwe na utaratibu wa ugunduzi wa ghafla tangu mwanzo.

Uingereza ilijifunza baada ya mwaka 1989, yalipofukuliwa jijini London mabaki ya ukumbi wa Rose, ambamo tamthilia za Shakespeare ziliigizwa. Waigizaji na wananchi waliandamana, na jengo likabuniwa upya ili likae juu ya mabaki hayo bila kuyaponda. Mwaka uliofuata serikali ilitoa mwongozo uliofanya uchunguzi wa akiolojia uwe sehemu ya maombi ya kibali cha ujenzi, huku gharama zikimwangukia mwenye mradi. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nchini Kenya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, zote zinamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa mamlaka.

Kurudi nyumbani

Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya mwezi Oktoba mwaka 2003, katika majeneza yaliyochongwa Ghana, baada ya msafara uliopita katika miji kadhaa kutoka Washington. Mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2006, na mnara ukazinduliwa mwaka 2007. Jengo la ofisi lilijengwa hata hivyo, likasimama pembeni, na kituo cha wageni kiko katika ghorofa yake ya chini.

Inakadiriwa kwamba waliozikwa katika eneo zima ni kati ya watu 10,000 na 20,000. Wengi wao bado wamelala chini ya barabara na majengo ya jirani. Tangu mwaka 1993 jiji limelitenga eneo hilo kuwa wilaya ya kihistoria, na anayetaka kuchimba humo, hata kama ni kutengeneza bomba la maji, mipango yake hupitiwa kwanza na tume ya turathi ya jiji.