Bati Jipya Juu ya Gari la Zamani

Katika nchi ya dhahabu watu hufundishwa mapema ya kuwa ving'aavyo vyote si dhahabu. Wenyeji wa Iga Barrière, penye njia itokayo Bunia kwenda Mahagi, wanalijua neno hilo kuliko wengi, maana migodi ya Kilo na Mongbwalu haiko mbali nao. Walakini mtu yule yule asiyekubali kununua unga wa dhahabu bila kuupima, aweza kulipokea gari lake kwa fundi wa rangi wakati wa jioni, akaliona linang'aa, akalipa fedha yote na kwenda zake. Kesho yake, jua likiisha panda, anaona mlango mmoja ni mweupe kama karatasi na mingine ni myeupe kama maziwa. Ndipo ugomvi unapoanza.

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini bati jipya ni gumu kufananishwa na gari la zamani, na njia gani yafaa kufuatwa ili fedha ya jamaa isipotee bure.

Kwanza, jambo hili si la mapambo tu. Kwa jamaa nyingi gari ni shamba lao: ndilo lilipalo karo ya watoto na dawa za wagonjwa. Gari likigongwa ubavuni, mwenyewe hutafuta mlango au madigadi ya kubadili. Pengine bati hilo latoka soko la Kisekka mjini Kampala, pengine limetolewa katika gari lingine lililochinjwa, na mara nyingi rangi yake si ile anayoitaka. Gari likibaki na mabaka, siku ya kuliuza mnunuzi atasema, "Hili lilipinduka," hata kama liligongwa kidogo tu, naye atashusha bei. Tena bati lisilopakwa vema huliwa na kutu upesi.

Zamani kazi hii haikuwa na shida kubwa. Tangu mwaka 1914 hata 1925 magari ya Ford Model T yalitoka kiwandani yakiwa meusi tu. Lakini katika miaka ya 1923 na 1924 kampuni za DuPont na General Motors zilileta rangi iitwayo Duco, iliyokauka kwa saa chache badala ya siku nyingi. Tangu hapo rangi za magari zikazidi kuongezeka, na siku hizi hata nyeupe si moja.

Kwa sababu hiyo kila kiwanda huipa rangi nambari yake. Katika magari ya Toyota, yaliyo mengi katika njia zetu, kuna kibati kidogo ndani ya boneti au kwenye mwimo wa mlango wa dereva. Tafuteni herufi C/TR: alama ya kwanza baada ya herufi hizo ndiyo ya rangi ya bodi. Nambari 040 ni nyeupe kali. 058 nayo ni nyeupe, lakini imepoa kidogo. 070 ni nyeupe ya lulu, inayotaka tabaka tatu, yaani nyeupe ya chini, kisha lulu, kisha vanishi. Mtu akiagiza "nyeupe ya Toyota" tu, ni kama mtu aandikaye barua na kutaja nchi bila kutaja kijiji.

Je, tukiisha pata nambari, kazi imekwisha? Hata kidogo! Nambari yaeleza gari lilikuwa na rangi gani siku lilipozaliwa. Haielezi lina rangi gani leo. Bunia na vijiji vyake viko karibu na mstari wa ikweta, tena juu ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na jua la mahali kama hapo ni kali. Mionzi yake huchosha rangi mwaka kwa mwaka. Nyekundu hupauka, nyeupe huelekea umanjano, na vanishi hufifia. Kadhalika vumbi la kiangazi na vitambaa vya kuoshea hulisugua gari kama msasa mwembamba. Basi rangi iliyochanganywa sawasawa na nambari yaweza kuwa sahihi kabisa kwa kitabu, na bado isipatane na gari lililosimama mbele yetu.

Tena kuna sababu ya pili. Kiwandani rangi huchomwa katika tanuri lenye moto wa kama digrii 140, kabla ya kutiwa viti, nyaya na matairi. Fundi wetu hawezi kuliingiza gari zima katika moto wa namna hiyo. Yeye hutumia rangi ya namna nyingine, inayokauka kwa hewa au kwa joto dogo. Basi, hata rangi ikiwa na jina moja, si kitu kile kile.

Fundi mwenye akili hufanyaje? Hachukui nambari peke yake, bali huchukua na kipande cha gari lenyewe. Kile kifuniko kidogo cha tundu la mafuta chafaa sana, kwa maana hufunguliwa kwa urahisi na kimekaa juani miaka yote pamoja na gari. Hukisafisha na kuking'arisha kwanza, maana rangi ya uchafu si rangi ya gari. Kisha hukipeleka kwa mchanganyaji, naye huanza na vipimo vya nambari ile, halafu huongeza tone la manjano au la nyeusi mpaka vipatane.

Kisha fundi hupaka kipande cha kadi au cha bati, akakiacha kikauke, akakitia vanishi, maana rangi isiyotiwa vanishi hudanganya macho. Ndipo hukiweka juu ya gari na kutazama. Atazame nje, kwa nuru ya mchana, lakini kivulini. Atazame kwa mbele na kwa ubavu. Asitazame chini ya taa: rangi mbili zaweza kufanana kabisa kwa nuru ya taa na kuachana mchana. Kadi ikikataa, arudi kuchanganya. Kadi tatu zilizotupwa ni hasara ndogo kuliko mlango mmoja uliopakwa mara mbili.

Rangi za fedha na nyingine zenye chembe za madini zina ugumu wao. Chembe hizo ni kama vioo vidogo sana. Fundi akipuliza rangi nyingi yenye maji maji, chembe huzama, na bati laonekana jeusi zaidi. Akipuliza kavu, au joto likikausha thina upesi, chembe hulala juu, na bati laonekana jeupe zaidi. Kwa hiyo kopo moja mikononi mwa watu wawili laweza kutoa rangi mbili. Yapasa kadi ya majaribio ipulizwe na mkono ule ule, kwa bunduki ile ile na kwa upepo ule ule utakaotumika kwenye gari.

Bati lenyewe nalo litayarishwe. Mabati mapya huja yamepakwa rangi nyeusi. Fundi alisugue kwa kitambaa chenye thina: rangi nyeusi ikiyeyuka, ni ya safari tu, yapaswa kuondolewa yote, isipoyeyuka, ni kinga dhidi ya kutu, asiikwangue bali aiparuze kidogo kwa msasa ili rangi ipate kushika. Pembe za ndani zipakwe kabla ya bati kufungwa, maana kutu huanza mahali pasipoonekana. Na rangi ya msingi ichaguliwe vema, kwa kuwa nyekundu na manjano huonyesha kilichomo chini yake.

Hata baada ya hayo yote, pengine tofauti ndogo hubaki. Hapo ndipo ustadi wa fundi huonekana. Kama madigadi ni mapya, haachi rangi ikatike kama kisu mpakani mwa mlango. Huipeleka rangi mpya kidogo kidogo juu ya mlango wa zamani, ikififia mpaka imalizike yenyewe, kisha huutia mlango mzima vanishi. Jicho la mtu huona mpaka uliokatwa. Mabadiliko ya pole pole haliyatambui. Mwenye gari asishangae basi akiambiwa mlango mzima nao utapakwa. Huo si wizi. Ndiyo njia ya kazi.

Sasa twataka kusema neno kwa vijana wanaojifunza kazi hii, na kwa wazazi wanaowapeleka. Vanishi na rangi nyingi za siku hizi huchanganywa na dawa ya kugandisha, na ndani ya dawa hiyo mna kemikali iitwayo isosianati. Ukungu wake ukivutwa huweza kuleta ugonjwa wa pumu. Aliyekwisha kupata pumu hiyo, hata harufu kidogo ya dawa yaweza kumbana kifua, na mara nyingi hana budi kuiacha kazi aliyoijifunza kwa miaka. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu, wala kinyago cha karatasi cha kuzuia vumbi. Kinga iliyo bora ni kinyago kiletacho hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Kisichopatikana hicho, angalau kinyago chenye vichujio vya makaa, vinavyobadilishwa kwa wakati, na kazi ifanyike mahali penye upepo. Kijana asiye na kinyago asimame mbali wakati wa kupuliza. Wala mtu asiwashe sigara wala jiko karibu, maana thina hushika moto upesi kama petroli.

Baba ampelekaye mwanawe kwa fundi huuliza siku zote, "Atajifunza kwa miaka mingapi? Atalipwa lini?" Ni maswali mema. Lakini aongeze la tatu: "Kinyago chake kiko wapi?" Fundi asiyeweza kukionyesha, huyo ana rangi nzuri pengine, ila mwana asiachwe kwake.

Naye mwenye gari akumbuke sehemu yake. Anayedai kazi imalizike leo, tena kwa bei ya chini kuliko zote, ndiye amfanyaye fundi kuacha kadi ya majaribio, kuacha kupaka pembe za ndani, na kuacha kununua vichujio. Mapatano yafanywe kabla: nambari ya rangi iandikwe, kadi ionyeshwe mchana, na fedha ya mwisho ilipwe baada ya gari kutazamwa juani. Na siku ya kuliuza, mnunuzi akiuliza, aambiwe wazi kwamba mlango ulibadilishwa. Rangi nzuri hupakwa ili gari lipendeze na lisipate kutu, si ili jirani adanganywe.