Gesi ya Kiyoyozi Haiishi

Joto la kaskazi linapokaza, kati ya Desemba na Machi, mafundi wa AC wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hawapumziki, na kila anayewaita ana swali lilelile: kutengeneza ni shilingi ngapi? Jibu linalotoka haraka kuliko yote ni kwamba gesi imeisha, ijazwe. Mwenye nyumba hulipokea bila ubishi kwa sababu jikoni ana mtungi unaokwisha kila baada ya wiki kadhaa, na anaona si ajabu gesi ya chumbani nayo ikaisha. Hapo ndipo fedha inapoanza kupotea. Gesi ya jikoni huchomwa, ya kiyoyozi haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyozibwa: kompresa inaikandamiza, inapoteza joto kwenye mashine ya nje na kuwa kimiminika, inaingia ndani ikachemka kwa kunyonya joto la chumba, kisha inarudi ilikotoka. Kiasi kilichowekwa siku ya kufungwa kinatakiwa kiitumikie mashine hadi uzeeni. Ikipungua, imetoka mahali, na pale ilipotokea pako wazi hata sasa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kujaza, ni lazima kuuliza bei ya kutafuta tundu.

Hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. AC ya chumba cha kulala, ya BTU 9,000 au 12,000, kwa kawaida hubeba kuanzia kama nusu kilo hadi kilo moja na kidogo. Mtungi wa R410A unaouzwa madukani huwa na kilo 11.3, na ule wa R22 kilo 13.6, maana yake mtungi mmoja unaweza kujaza mashine kumi hivi za ukubwa huo. Ulizia bei ya mtungi kwa wauza vipuri, igawe kwa kilo zake, zidisha kwa kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko chako, halafu linganisha na bei uliyotajiwa. Pengo utakaloliona ni malipo ya ufundi. Ni haki yake fundi kulipwa ufundi, na ni haki yako kuuona. Ufundi kamili ni huu: kushindilia naitrojeni ndani ya mabomba, kupaka povu la sabuni kwenye maungio mpaka tundu lionekane, kuchomelea au kukata upya ncha ya bomba, kuiacha presha isimame kwa muda ili ithibitike haishuki, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, ndipo gesi iingizwe kwa kupimwa kwenye mizani. Kazi hiyo yaweza kula nusu siku. Kuunganisha geji na kufungua mtungi kwa dakika tano ni kazi nyingine kabisa, hata kama zote mbili huitwa kujaza gesi. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kutaja bei zilizopishana mara mbili au tatu na wote wakawa wakweli. (Na akitokea wa kutaka kupima presha kwa oksijeni ya kuchomelea badala ya naitrojeni, mzuie mara moja: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.)

Lakini hata kabla ya tundu kuna uchafu, na uchafu ni mwongo mkubwa. Filta na mapezi ya mashine ya ndani yakijaa vumbi, hewa ya chumba haipiti vya kutosha, gesi haipati joto la kunyonya, presha ya upande wa kurudi inashuka na barafu inaota kwenye mabomba. Dalili hizo hizo huonekana gesi ikipungua. Fundi anayesoma geji kwenye mashine chafu ataona presha ndogo, ataongeza gesi, na mashine ikija kuoshwa baadaye itakuwa imezidishiwa, kompresa ikihemea mzigo usio wake. Utaratibu sahihi ni kuosha kwanza, kupima baadaye. Kuosha ndiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote katika kazi hii, na huku Pwani huduma hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu hewa ya chumvi hula mapezi ya alumini na maungio ya mashine ya nje. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba AC haipoi ingeishia hapo.

Hitilafu nyingine nazipitia kwa haraka kwa kuwa bei zake hazifichiki sana. Kapasita ikifa, feni au kompresa hunguruma bila kuzunguka. Ni kipuri cha bei ndogo na kazi yake ni fupi. Sensa ya joto nayo ni ndogo. Mota ya feni iko katikati. Gharama hupanda kwa vitu viwili: bodi ya umeme, hasa kwenye mashine za inverta ambazo umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo huziumiza, na kompresa, ambayo pamoja na kazi yake yaweza kukaribia au hata kuvuka nusu ya bei ya mashine mpya.

Wengi watasema: fundi wangu anajaza kila mwaka kwa bei ndogo, chumba kinapoa, ya nini kulipia uchunguzi? Hoja hii ina nguvu kwa mtu aliyebanwa mwezi huu, ila inahesabu bei ya gesi tu. Kompresa hupozwa na gesi baridi inayorudi. Gesi ikipungua, kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi ikiwa na joto zaidi, na luku inakimbia. Tena, mfumo ukifunguliwa bila kuvutwa hewa, unyevu unabaki ndani, nao ukikutana na mafuta yanayotumika na gesi za R410A na R32 hutengeneza asidi inayokula nyaya za kompresa. Aliyekwepa gharama ya kati miaka mitatu mfululizo anajikuta mbele ya ile kubwa kuliko zote. Isitoshe, tundu si lazima liwe ghali. Mara nyingi liko kwenye nati za maungio zilizofungwa siku mashine ilipowekwa, na kurekebisha hapo ni kazi ya muda mfupi. Mwingine atasema kulipia uchunguzi ni kulipa bila kupata kitu. Mimi naona kinyume: fundi asiyetoza uchunguzi atalazimika kupata riziki yake kwenye gesi, na hapo atakuwa na kila sababu ya kuona gesi imeisha.

Kuna mahali pamoja ambapo kuongeza gesi bila kutafuta sana nakukubali: mashine kuukuu ya R22 inayovuja polepole kwenye koili iliyoliwa na chumvi. Koili mpya haina faida kwenye mashine ya aina hiyo, kwa sababu R22 yenyewe inaondolewa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilitakiwa kufikia 2025 ziwe zimepunguza matumizi ya gesi za kundi la R22 kwa asilimia 67.5, na kuanzia 2030 kinabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Bei yake haina pa kwenda ila juu. Wala huwezi kuingiza R410A mahali pake, maana presha yake inazidi kwa takriban asilimia 60 na mafuta hayalingani. Kwa mashine kama hiyo, ijazwe msimu huu ikibidi, na fedha ya koili iwekwe kando kwa ajili ya mashine mpya. Siku mashine hiyo mpya inapofungwa, simama karibu na fundi uone kama pampu ya kuvuta hewa imetoka kwenye begi.