Motokaa Kuukuu Ikichemka na Kuvuja Oili

Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho katika nchi ya Kenya, alishinda mashindano makubwa ya Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Motokaa yao ilikuwa Volvo PV544, nayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukimbizwa katika mashindano mengine kabla ya wao kuinunua. Kati ya magari yaliyotoka moja kwa moja mikononi mwa viwanda, ushindi ulikwenda kwa gari lililokwisha tumika. Wengi walistaajabu, lakini waliojua kwamba Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri hawakustaajabu sana. Aliyezoea kushika spana huijua motokaa yake kama mchungaji amjuavyo ng'ombe wake.

Miaka michache baadaye, 1971 na 1973, gari dogo la mbio la Datsun 240Z lilishinda mashindano hayo hayo. Na tangu mwaka 2003 magari ya zamani yameanza tena kushindanishwa katika Afrika ya Mashariki, yakipita katika vumbi na jua kali. Basi tujifunze neno moja: uzee wa injini si kifo chake. Injini kuukuu huuawa mara nyingi na mambo mawili, joto lililopita kiasi na upungufu wa oili. Na yote mawili hutoa dalili mapema kwa mwenye macho na masikio.

Hapa Bukama hatuna magari ya mbio. Lakini mashine si wageni kwetu. Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na hapa mizigo ilishushwa ikapakiwa katika meli za mto Lualaba. Waendeshaji wa magarimoshi ya mvuke walikuwa na desturi njema: waliangalia daima kioo cha kupimia maji, na kila kituo walishuka na kopo la oili kuzunguka mashine yao. Hawakungoja ilie. Leo mtu wa kwetu ana motokaa iliyonunuliwa baada ya kutumiwa na wengine, au lori la kupeleka samaki na unga, au mashine ya kusaga mihogo. Chombo hicho ndicho karo ya watoto na dawa ya mgonjwa nyumbani. Kikifa, si chuma tu kilichokufa.

Sisi twaona makosa mawili yakirudiwa. Mmoja huona joto likipanda, akasema, "Tutafika tu," akaendelea mpaka kichwa cha injini kikapinda. Mwingine huona tone la oili chini, akaogopa, akamwamuru fundi afungue injini nzima, akauza mbuzi na baiskeli ili kulipia kazi ambayo haikuhitajiwa. Wa kwanza ameidharau dalili. Wa pili ameidhania kuwa ndiyo ugonjwa. Joto na oili inayodondoka ni dalili tu. Kabla ya kufungua mfuko wa fedha, hatuna budi kutafuta chanzo, tukianza na kilicho rahisi na cha bei ndogo.

JUU YA JOTO

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Pampu husukuma maji yapite kuzunguka silinda, yakiondoa joto. Maji hayo huenda katika rejeta, na hapo upepo wa mwendo na wa feni huyapoza. Katikati kuna mlango mdogo uitwao themostati, ambao katika magari mengi huanza kufunguka maji yafikapo digrii 82 au 88 hivi. Juu ya rejeta kuna mfuniko wenye springi unaozuia mvuke. Mfuniko huo una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani: kama unashika mgandamizo wa bar moja, maji hayachemki mpaka karibu digrii 120. Ukilegea, huchemka kama maji ya chunguni. Kumbukeni tena kwamba kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka upesi zaidi. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi. Kwa hiyo motokaa iliyotulia hapa bondeni yaweza kuchemka ikipanda kwenda Kamina, na kosa likawa la mfuniko mmoja mkuukuu.

Swali la kwanza la fundi mwenye akili ni hili: joto hupanda wakati gani? Likipanda motokaa inaposimama au inapokwenda polepole sokoni, kisha likashuka ikienda mbio, twashuku feni au mkanda wake uliolegea, kwa maana upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Likipanda katika mwendo wa kasi au mlimani, hali feni ni nzima, twashuku rejeta iliyoziba, au pampu iliyochoka, au bomba la mpira la chini ambalo hunywea pampu inapovuta maji. Injini ikipata joto dakika chache tu baada ya kuwashwa, na bomba la juu la rejeta likabaki baridi, huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa.

Maji yakipungua kila siku bila tone kuonekana chini, hapo tuwe waangalifu. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungueni mfuniko, washeni, mtazame. Mapovu yakitoka mfululizo, au moshi mweupe mzito ukiendelea hata injini ikishapata moto, au oili katika kijiti cha kupimia ikifanana na chai ya maziwa, basi gasketi ya kichwa cha injini yaelekea imeungua. Huo ndio ugonjwa unaostahili kufunguliwa injini.

Katika magari ya zamani yenye kabureta kuna visababisho viwili vingine ambavyo husahauliwa: cheche ya plagi inayochelewa, na petroli inayoingia kidogo mno kulingana na hewa. Vyote viwili huongeza joto, ingawa rejeta ni safi. Wengi wamebadili rejeta mbili, na kumbe kosa lilikuwa katika kurekebisha cheche, kazi ya nusu saa.

Tena, wako wanaong'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Hilo si tiba. Injini hukaa baridi mno asubuhi, hula petroli nyingi, huchakaa upesi, na ubovu halisi hubaki umejificha. Wengine hujaza rejeta kwa maji ya mto yenye tope. Tope hilo hutulia katika vijibomba vyembamba vya rejeta kama ukoko chunguni. Maji safi ya mvua yaliyochujwa, yakichanganywa na dawa ya rejeta ipatikanapo, ni bora mara nyingi.

Na onyo kwa vijana: msifungue kamwe mfuniko wa rejeta iliyo moto. Maji yaliyozuiwa juu ya digrii 100 hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huchubua uso na macho. Simamisheni motokaa, zimeni, ngojeni nusu saa au zaidi. Kisha fungueni polepole kwa kitambaa kizito, mtie maji kidogo kidogo. Maji baridi juu ya chuma cha moto huleta ufa.

JUU YA OILI

Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si mahali inapotoka. Twaona tone chini ya gia, twalaumu sili ya nyuma, ambayo yahitaji kushusha gia yote. Na kumbe oili imetoka juu kabisa, katika gasketi ya mfuniko wa valvu, ikatambaa nyuma ya injini mpaka chini.

Njia ya kujua ni nyepesi. Osheni injini vizuri na kuikausha. Nyunyizeni poda ya mtoto penye mashaka. Endesheni kilomita chache, kisha simamisheni juu ya karatasi kubwa au boksi lililokunjuliwa. Fuateni njia ya unyevu kutoka chini kwenda juu: mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye chanzo. Angalieni kwanza mfuniko wa valvu, kisha filta ya oili, kisha skrubu ya kumwagia oili, kisha sili ya mbele. Ya nyuma iwe mwisho. Tena hakikisheni kwamba ni oili ya injini. Ya gia ni nzito na ina harufu kali. Ya breki ni nyepesi na huonekana karibu na gurudumu, nayo ikivuja motokaa isiende hata hatua moja.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa haraka hulipita. Injini hupumua. Ina bomba dogo la kutolea hewa iliyobanwa ndani. Bomba hilo likiziba kwa uchafu, hewa hukosa njia, nayo husukuma oili ipite hata katika sili mpya. Mwenye motokaa hubadili sili mara tatu, na mara tatu inavuja. Bomba lingesafishwa kwa petroli kidogo na kijiti, fedha zingebaki nyumbani. Oili ikipungua bila kuvuja, na moshi wa buluu ukitoka nyuma, basi inaungua ndani. Hapo ringi za pistoni au valvu zimechakaa.

Je, kila tone ni la kuogopwa? Hapana. Injini ya miaka arobaini yaweza kutoa jasho kidogo, nayo ikatumika muda mrefu ikiwa mwenyewe hupima oili kila asubuhi. Hatari iko katika oili inayodondoka juu ya bomba la moshi, kwa sababu huleta moto. Katika oili inayofika kwenye klachi au breki. Na katika uvujaji unaozidi wiki kwa wiki. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, zimeni papo hapo, hata kama mko porini.

Mambo haya mawili ni ndugu. Oili ikipungua, vyuma husuguana na joto huongezeka. Joto likizidi, sili za mpira hukauka na kupasuka, oili ikavuja zaidi. Oili ikirushwa juu ya rejeta hushika vumbi, nayo rejeta ikazibwa isipate upepo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twashauri kila mwenye motokaa anunue daftari la shule. Aandike tarehe, kilomita, maji aliyoongeza, oili aliyoongeza. Baada ya mwezi daftari hilo litamwambia ukweli ambao wala woga wala uvivu hauwezi kuusema. Fundi mwaminifu hufurahi kuliona, maana humwonyesha pa kuanzia. Na asiye mwaminifu hujua kwamba mbele yake yuko mtu asiyedanganyika. Watoto wanaosoma wapewe kazi ya kuliandika. Watajifunza hesabu, na watajua pia chakula chao kinatoka wapi.

Neno la mwisho ni juu ya oili iliyokwisha tumika. Isimwagwe mtoni. Lualaba hutulisha samaki, na mto ni wa jirani zetu wa chini pia. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, ipelekwe kwa fundi anayeikusanya, mbali na visima na watoto.

Abiria anayepanda motokaa yetu ametukabidhi uhai wake, na mama aliyempakia samaki wake ametukabidhi mtaji wake. Hawawezi kuona kijiti cha oili wala mkanda wa feni. Sisi twaweza. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tufungue boneti.