SMITA PATIL: Alikataa mapesa, wakamtosa

Wadau, ukitaja picha la Kihindi wengi wanawaza stelingi, adui na nyimbo za kwenye mvua. Leo nawaletea dada ambaye kwa miaka alizikwepa kabisa picha za hivyo.

Smita Patil alizaliwa Pune mwaka 1955. Alikuwa anasoma habari kwenye televisheni ya Doordarshan pale Bombay (siku hizi Mumbai), mwongozaji Shyam Benegal akamuona. Benegal na wenzake walikuwa wanatengeneza filamu za hela ndogo kuhusu maisha ya kweli ya Wahindi wa chini. Cheki hii: Manthan ya 1976, inayohusu ushirika wa maziwa, ililipiwa na wakulima 500,000 wa Gujarat, kila mtu rupia 2! Smita yumo. Mwaka uliofuata akacheza Bhumika, akabeba Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Sasa sikilizeni. Kwa kama miaka mitano alikuwa anazitolea nje ofa za picha za biashara, kisa anazipenda hizi ndogo. Filamu ndogo zilipoanza kushika chati, wenyewe wakataka majina makubwa. Smita akatoswa kwenye filamu kadhaa! Alieleza mwenyewe baadaye: kama shida yao ni jina, basi atalitafuta hilo jina.

Akalipata. Mwaka 1982 zikatoka Namak Halaal na Shakti, zote yuko na Amitabh Bachchan, na kwenye Namak Halaal anacheza wimbo wa mvua kama kawaida. Mimi simlaumu hata kidogo. Sifa hailipi kodi ya nyumba jamani.

Na wala hakuzitupa zile za kwanza. Chakra (1981), alipocheza mama wa mtaa wa mabanda, ilimpa Tuzo ya Taifa ya pili. Ila ya kwangu namba moja ni Mirch Masala. Humo yeye ni Sonbai, mke wa mtu kijijini, enzi za mkoloni. Mtoza kodi mbabe anamtaka, yeye anamnasa kibao na kukimbilia kiwanda cha pilipili. Mlinzi wa kiwanda anafunga geti. Mwisho sisemi, ila pilipili inafanya kazi yake.

Picha hiyo ilitoka 1987. Smita alishafariki tarehe 13 Desemba 1986 kwa matatizo ya uzazi, wiki mbili tu baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Prateik, ambaye naye amekuja kuwa mwigizaji. Alikuwa na miaka 31.