Maandishi ya Barafuni na Namna ya Kuyahoji

Mei 1859, Luteni William Hobson wa jeshi la majini la Uingereza aliokota mkebe mdogo wa bati kwenye rundo la mawe, katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Kisiwa cha King William, Kanada ya leo. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye madoa ya kutu: fomu ya serikali iliyochapwa kwa lugha sita, ikimwomba atakayeipata aifikishe London. Juu ya fomu hiyo kuna habari mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ya kwanza, ya tarehe 28 Mei 1847, inasema meli za Erebus na Terror zimekaa barafuni, kiongozi wa msafara ni Sir John Franklin, na wote ni wazima. Ya pili, ya tarehe 25 Aprili 1848, imezunguka pambizoni mwa ukurasa. Hiyo inasema Franklin alifariki tarehe 11 Juni 1847, maofisa 9 na mabaharia 15 wamekufa, meli zimeachwa, na watu 105 waliobaki wataondoka kesho yake kuelekea Mto Back.

Hawakufika nyumbani. Msafara huo uliong'oa nanga Uingereza mwaka 1845 kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika ulipoteza watu wote 129. Karatasi ya Hobson ndiyo maelezo marefu zaidi ya mkono wao kuhusu mkasa huo, na kwa sababu hiyo imesomwa na kusomwa tena kwa zaidi ya miaka 160.

Nayo ina kosa. Habari ya kwanza inadai kwamba meli zilipitisha majira ya baridi katika kisiwa cha Beechey mwaka 1846-47. Haiwezekani. Habari ya pili, kwenye karatasi hiyo hiyo, inasema meli zilinaswa na barafu karibu na King William tangu 12 Septemba 1846, mamia ya kilomita kusini mwa Beechey. Tena Beechey kwenyewe kuna makaburi matatu ya msafara huo, yaliyogunduliwa Agosti 1850. Ubao wa John Torrington unaonyesha alifariki 1 Januari 1846, wa John Hartnell 4 Januari 1846, na wa William Braine 3 Aprili 1846. Basi baridi ya Beechey ilikuwa ya 1845-46, na ubao wa kaburi umesahihisha waraka wa serikali.

Hapa ndipo kazi ya msomaji wa maandishi ya kale inapoanza kuwa ngumu. Hobson alipata nakala nyingine ya habari ya 1847 mahali pengine kusini zaidi katika kisiwa hicho hicho, nayo ina mwaka ule ule usio sahihi. Mtu mwenye haraka angesema mashahidi wawili wamekubaliana. Lakini mwandiko wa nakala zote mbili ni wa ofisa mmoja, James Fitzjames. Alikosea mara moja, kisha akanakili kosa lake. Shahidi ni mmoja, amesema mara mbili.

Mbao za Beechey nazo zimewahi kulazimishwa kusema yasiyokuwemo. Ule wa Hartnell una aya kutoka kitabu cha Hagai, na wa Braine aya kutoka Yoshua, zote zikiwataka watu watafakari njia zao na wachague wa kumtumikia. Walikuwepo waliodai kuwa hizo ni dalili za uasi melini. Dai hilo ni jepesi mno. Mabaharia Wakristo wa karne ya 19 waliandika aya za Biblia juu ya makaburi yao kila mahali, na aya ya maonyo ilikuwa jambo la kawaida. Kabla ya kutafuta siri ndani ya maneno, mtafiti hana budi kujua watu wa wakati ule walikuwa wakiandika nini kwa desturi.

Mfano mzuri kuliko yote uko katika nguo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Owen Beattie na wenzake walipoufukua mwili wa Hartnell, uliohifadhiwa vyema na ardhi iliyoganda, walikuta shati lake limetariziwa herufi T.H. na mwaka 1844. Lakini marehemu aliitwa John. Kama ubao wa kaburi ungekuwa umeliwa na upepo, na mifupa ikabaki na shati tu, wataalamu wangeweza kumpa jina lisilo lake. Jibu lilikuwa katika orodha ya mabaharia: John alikuwa na ndugu yake, Thomas Hartnell, katika meli hiyo hiyo ya Erebus. Ndugu alizikwa na shati la ndugu.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila zinapotajwa sahani, vijiko na uma za msafara wa Franklin. Mwaka 1854 mpelelezi John Rae alinunua kwa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, vyombo vya fedha vyenye nembo za koo za maofisa na herufi za mwanzo za majina yao, pamoja na kisahani chenye jina la Franklin mwenyewe. Vingine vilipatikana baadaye, na baadhi vina tabaka mbili za maandishi: nembo ya ofisa iliyochorwa na sonara wa Uingereza, na juu yake herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu na baharia wa kawaida. Chini ya mwanga wa pembeni, mikwaruzo hiyo hujitokeza ikiwa na kivuli chake, na mtaalamu huona ipi ilitangulia na ipi imeikata nyingine. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maofisa waligawa vyombo vyao kwa mabaharia. Kwa hiyo uma wenye nembo ya ofisa, ukiokotwa kando ya mifupa, hausemi kwamba hapo alilala ofisa.

Mali ya serikali ya Uingereza ilipigwa chapa ya mshale, na chapa hiyo iliendelea kusafiri baada ya wenyewe kufa. Wainuiti, mafundi hodari wa kutumia kila walichokipata, walitengeneza ncha za mishale na visu kutokana na shaba na chuma cha meli. Chapa ya mshale kwenye ncha ya mshale wa Mwinuiti inaeleza chuma kilitoka wapi. Kuhusu baharia alifika wapi, haisemi lolote.

Mambo huwa mazito zaidi katika karatasi zilizopatikana mwezi huo huo wa Mei 1859 na Francis Leopold McClintock, kiongozi wa Hobson, kando ya mifupa ya mtu aliyeanguka kifudifudi kusini mwa kisiwa. Alikuwa na brashi ya nguo, kitana, na mkoba wenye cheti cha ubaharia cha Harry Peglar wa Terror. Karatasi nyingine zimeandikwa kinyumenyume: kila neno linaanzia herufi ya mwisho, kana kwamba "bahari" imeandikwa "irahab". Ongeza hapo tahajia ya mtu asiyesoma sana, mikunjo iliyofuta wino, na matundu, utaelewa kwa nini baadhi ya mistari bado ina mabishano. Mnamo 1954 R. J. Cyriax na A. G. E. Jones walichapisha uchunguzi wa kina wa karatasi hizo. Sehemu kubwa inayosomeka si shajara ya mauti: kuna kumbukumbu za bahari zenye joto, kasa, na bandari za mbali na barafu. Waliotarajia ungamo la mwisho la msafara hawakulipata.

Tena mavazi ya maiti yalikuwa ya mhudumu wa maofisa, na Peglar hakuwa mhudumu. Kwa muda mrefu wengi wameamini kwamba aliyekufa pale alikuwa rafiki yake, aliyebeba karatasi za mwenzake. Kama ni hivyo, ni mtu aliyeona vyema kutembea na barua za rafiki hata pale ambapo kila gramu ya mzigo ilikuwa ikimmaliza nguvu.

Wakati mwingine andiko huonekana limekosea, kumbe liko sahihi. Agosti 1930, wawindaji wa sili na wanasayansi wa meli ya Kinorwe Bratvaag walikuta kambi katika kisiwa cha Kvitøya, mashariki mwa Svalbard. Upondo wa mashua ulikuwa na chapa inayotaja msafara wa Andrée na mwaka 1896. Msweden Salomon August Andrée na wenzake wawili walipaa kwa puto 11 Julai 1897 wakapotea. Mwaka kwenye chapa haukuwa kosa: Andrée alikuwa amejaribu kwanza 1896, upepo ukamkatalia, akarudi na vifaa vile vile mwaka uliofuata. Tarehe kwenye chombo ni siku ya kukitia alama, si lazima iwe siku ya kisa.

Siku hizi maandishi si shahidi wa pekee tena. Septemba 2024 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba mfupa wa taya kutoka pwani ya Erebus Bay, yapata kilomita 80 kusini mwa pale Hobson alipookota karatasi, ni wa James Fitzjames. Walimtambua kwa vinasaba vya jamaa yake aliye hai. Hawakuhitaji kijiko wala herufi za jina. Taya hiyo ina alama za visu, na hivyo inaunga mkono yale Wainuiti waliyomsimulia Rae mwaka 1854 kuhusu mabaharia wenye njaa waliokula wafu wao, habari ambazo Uingereza ya wakati ule ilizikataa kwa matusi. Masimulizi ya mdomo yaliyodharauliwa yalikuwa sahihi kuliko heshima ya waliojua kuandika.

Meli zenyewe zimepatikana chini ya maji, Erebus mwaka 2014 na Terror mwaka 2016, na vitu vinavyotolewa humo ni mali ya pamoja ya Wainuiti na serikali ya Kanada. Mwaka 2022 wazamiaji walitoa Erebus kitabu chenye jalada la ngozi, bado kina kurasa, na kalamu imechomekwa ndani ya jalada. Wahifadhi wa Ottawa ndio waliokabidhiwa. Iwapo kurasa zitasomeka, maswali ya kwanza yatakuwa yale ambayo shati la Hartnell na mkoba wa Peglar vimeshayauliza: ni mwandiko wa nani, aliandika lini, na je, kitabu kilikuwa chake?