Mtambo wa Kutenga DNA Upimwe kwa Sampuli Zetu

Magonjwa mawili ya bakteria yaliyoko Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, yanaonyesha kwa nini mtambo wa kutenga DNA usinunuliwe kwa kuangalia tu unamaliza sampuli ngapi kwa saa. Xanthomonas, bakteria wa mnyauko wa migomba uliothibitishwa mkoani humo mwaka 2006, ana ukuta mwembamba. Kemikali za kawaida na joto kidogo humpasua. Ugumu uko kwenye mgomba wenyewe. Utomvu wake una sukari za kunata na kemikali zinazoacha madoa meusi, na zikibaki kwenye DNA huzuia kimeng'enya cha kipimo cha PCR, hivyo chipukizi lenye ugonjwa likasomeka zima na kupelekwa shamba jingine. Bakteria wa kifua kikuu ni kinyume chake: makohozi yakishalainishwa husafishika vizuri, lakini bakteria mwenyewe amejifunika ukuta wenye nta. Asipopondwa kwa nguvu, DNA haitoki, hata usafishaji uwe bora kiasi gani.

Mitambo mingi hunasa DNA kwa chembe za sumaku, huiosha, kisha huiachia kwenye kimiminika safi. Kupasua bakteria mara nyingi huachiwa mtu wa maabara. GeneXpert, ambayo kipimo chake cha kifua kikuu kilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, ilifanikiwa kwa sababu kasha lake hupasua bakteria kwa mawimbi ya sauti, husafisha DNA na kuipima, na majibu hutoka ndani ya saa mbili. Nguvu ya kasha hilo ni kutengenezwa kwa ajili ya makohozi na bakteria mmoja; kipande cha mgomba hakina nafasi humo.

Atakayetetea mitambo atasema inapunguza makosa ya mikono na huosha kila sampuli kwa namna ileile. Ni kweli, na kwa maabara yenye sampuli nyingi hoja hiyo ina uzito. Lakini mtambo usioondoa utomvu utarudia kosa lilelile kwa usahihi uleule, na majibu yakifanana hakuna atakayeshtuka. Tena, mtambo unaokubali vitendanishi vya kampuni moja tu husimama siku mzigo unapochelewa. Kwa sampuli chache za machipukizi, vichujio vya silika vya kutengea DNA kwa mkono na mtaalamu makini vinatosha.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba, muuzaji aujaribu mtambo kwa migomba ya hapa iliyotiwa idadi ndogo, inayojulikana, ya bakteria. Kati ya sampuli hizo ziwekwe za maji matupu, ili uchafuzi uonekane, na kila moja itiwe DNA ya kudhibiti, ili kizuizi cha PCR kijulikane. Kisha ipigwe hesabu ya gharama kwa kila sampuli, pamoja na vipuri na fundi wa kufika Kagera. Mtambo ukishindwa jaribio hilo, kasi yake haitufai.